Mlio wa Taipureta Mpakani: Busia na Tororo

Mwanafunzi wa leo akiambiwa kwamba zamani barua iliweza kusikika ikiandikwa kutoka ng'ambo ya barabara, hudhani anasimuliwa hekaya. Lakini sisi tuliokulia mpakani, baina ya Busia na Tororo, tuliisikia. Katika vibaraza karibu na ofisi za serikali waliketi wapiga chapa, kila mmoja na taipureta yake juu ya meza ndogo. Msamia au Mteso, awe wa upande wa Kenya au wa Uganda, aliyetaka kuandikiwa barua ya maombi au mapatano ya kuuziana ng'ombe, alisimama kando akisikiliza. Huenda hakujua kusoma. Lakini kengele ya mwisho wa mstari alijua maana yake. Mlio ule ulikuwa ushahidi wa kazi anayoilipia.

Tungependa kueleza habari za mlio huo, pamoja na uzito wa vitufe chini ya vidole, kwa kuwa mambo hayo mawili yamegusa maandishi ya Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Mashine ya kwanza iliyopata soko la kutosha ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington ya Marekani mwaka 1874. Iliandika herufi kubwa tupu, nazo zilipiga karatasi kwa chini, hata mwandishi asiyaone maneno yake mpaka karatasi isogee. Mpangilio wa herufi tunaoutumia hadi leo umetokana na mashine hiyo, na waliouweka hawakumfikiria Mswahili. Herufi a iliangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Chukua neno "wanafanana": lina herufi kumi, na tano kati yake ni a.

Katika taipureta ya mkono, nguvu ya kidole ndiyo inayokirusha kijiti cha chuma hadi kwenye utepe. Kidole kikilegea, herufi hutoka hafifu. Kwa hiyo ukurasa wa Kiswahili uliopigwa na mwanagenzi ulijulikana mara moja: a zimefifia, ilhali n na u zimekoza. Ukitazama nakala ya tatu, ile iliyo chini ya kaboni ya pili, ungedhani irabu hiyo imefutwa katika lugha. (Ule ushanda wa ng' nao, katika mashine nyingi za zamani, ulikaa juu ya tarakimu 8, ukahitaji mkono wa pili.)

Walimu waliijua adha hii zaidi katika stensili. Ukigonga kwa upole, herufi haikati nta. Ukigonga kwa hasira, kiini cha o hudondoka, na mtihani ukichapwa watoto huona doa jeusi. Tulipokuwa tukijifunza kazi hiyo tuliwahi kugawa karatasi ambayo "watoto" ilisomeka "wtoto" tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Hatukuwa na wa kumlaumu ila kidole chetu.

Dawa ilikuwapo tangu 1961, IBM ilipotoa taipureta ya umeme iitwayo Selectric. Humo mota ndiyo iliyopiga herufi, kidole kikatoa amri tu, na a ikawa sawa na wenzake. Lakini mashine ya umeme haifai kitu umeme ukikatika, na kibarazani hapakuwa hata na pa kuuchomeka waya wake.

Kompyuta ilipokuja, herufi haikugonga tena chochote. Hata hivyo, katika kompyuta yao ya mezani ya 1981, IBM waliweka chini ya kila kitufe springi inayojipinda ghafla na kulia, ili kidole na sikio vijue kwamba herufi imepokewa. Kampuni ya Kijerumani ya Cherry nayo hutengeneza swichi za rangi mbalimbali: ya bluu hulia na kukwaza kidole kidogo, ya kahawia hukwaza bila kulia, nyekundu hushuka moja kwa moja. Ya bluu hulidanganya sikio kwamba taipureta imerudi, lakini haikidanganyi kidole. Taipureta humalizia kwa kishindo juu ya karatasi. Hii ugumu wake umo katikati ya safari. Kwa chumba cha walimu tungechagua ya kahawia. Kibodi za kawaida zenye mpira ndani, ambazo ndizo tunazoletewa, ni kama kukanyaga matope.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Busia mwezi Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingilia, na hati za malori hupita katika kompyuta. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, na walimu wenzetu wa Tororo sasa wanaandaa mitihani yao kwa kibodi hizo za mpira. Tulipowatembelea tulizitazama. Herufi zote zilikuwa zikisomeka bado, isipokuwa a, ambayo ilikuwa imekwisha kufutika.