Kiputo cha Ibn Tufayl na Tone la Oparin

Katika karne ya 12, Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu wa khalifa wa Al-Muwahhidun, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtu aliyelelewa na swala kwenye kisiwa kisicho na watu. Kuhusu asili ya Hayy anatoa riwaya mbili. Moja inasema alikuwa mtoto wa binti wa ukoo wa kifalme, akatiwa sandukuni na kuachwa baharini. Ya pili ina ujasiri zaidi: udongo wa kisiwa uliumuka kwa miaka mingi, joto na baridi, unyevu na ukavu vikalingana, na katikati yake kikatokea kiputo kidogo sana, kimegawanywa na utando mwembamba na kujaa kitu laini mfano wa hewa. Roho ikashikamana nacho.

Mwaka 1924 huko Moscow, Aleksandr Oparin alichapisha kijitabu kilichodai kwamba uhai ulitokana na kemia ya kawaida ya dunia changa. Katika kitabu chake cha 1936 alieleza matone yanayojitenga ndani ya maji, yakifyonza kemikali za nje na kukua.

Waandishi hawa wawili wanakubaliana juu ya jambo ambalo kemia ya leo inaliunga mkono: pasipo mpaka kati ya ndani na nje, hakuna kiumbe. Asidi za mafuta zina ncha moja inayopenda maji na nyingine inayoyakimbia. Zikiwa majini hujipanga zenyewe na kufunga kifuko. Mwaka 2003 kikundi cha Jack Szostak nchini Marekani kilionyesha kwamba udongo aina ya montmorilonaiti huharakisha ufungaji huo, na chembe zake zikiwa zimebeba RNA huweza kuiingiza ndani ya kifuko.

Udongo, kiputo, utando! Wapo watakaosema mara moja kwamba wahenga walikwisha kujua. Mimi nakataa. Ibn Tufayl alifuata nadharia ya tabia nne, yaani joto, baridi, unyevu na ukavu, waliyoirithi matabibu kutoka kwa Wayunani, na kiputo chake kinakuwa moyo wa binadamu kamili bila hatua za viumbe wadogo katikati. Tukimvika joho la mwanakemia, tunampotezea ubora wake halisi. Ubora huo uko mbele kidogo, swala mlezi anapokufa. Hayy anampasua kifua akitafuta kilichomtoka, anaufikia moyo, anakuta chumba kimoja kina damu iliyoganda na kingine ni kitupu. Anahitimisha kwamba aliyekuwa akiishi humo amehama. Swali la Ibn Tufayl ni nini huondoka uhai unapokoma. Oparin anauliza nini kilikusanyika hata uhai ukaanza. Ni maswali mawili tofauti, na jibu la moja halifuti jingine.

Hata hivyo, kuhusu asili ya seli, nampa Oparin ushindi, kwa sababu mapokeo yake yanakubali kusahihishwa. Mwaka 1953 Stanley Miller, akiwa Chicago, aliiga hewa ya dunia changa kwa kupitisha cheche za umeme katika methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji, akapata asidi amino. Baadaye wanajiolojia wengi waliona kwamba hewa ya kale huenda ilijaa zaidi kaboni dioksaidi na nitrojeni, na mjadala ukahama. Wengine walishuka kwenye chemchemi za moto za chini ya bahari, wengine wakarudi kwenye maziwa ya nchi kavu.

Hawa wa maziwa ndio wanaonishawishi, kwa sababu ya fosfeti. Seli inaihitaji katika RNA, katika utando na katika kusafirisha nishati, lakini kwa kawaida kalsiamu huikamata na kuigeuza jiwe. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling walieleza kwamba katika maziwa yenye kaboneti nyingi, kaboneti ndiyo huikamata kalsiamu, na fosfeti hubaki huru majini. Miongoni mwa mifano yao ni Ziwa Magadi la Kenya, penye magadi yale yale tunayolainishia maharage.

Mwalimu wa biolojia unayesoma haya, somo la seli likifika, wasimulie wanafunzi kisa cha moyo wa swala, kisha wapeleke Magadi, au walau wafungulie ramani na uwaonyeshe lilipo.