Ufufuko na Chanzo cha Kifo: Teolojia ya Msiba Kilosa na Mikumi

Katika misiba ya Kikristo wilayani Kilosa, kama kwingineko nchini, wafiwa huambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hiyo husemwa kwa huruma, na yapo mauti ambayo inayafaa. Lakini inapotandazwa juu ya kila jeneza, inaudhoofisha ufufuko wenyewe. Nadai hapa kwamba tumaini la Pasaka haliwezi kuhubiriwa kwa ukweli pale chanzo cha kifo kinaponyamaziwa.

Tuanze na mahubiri ya kwanza ya Kanisa. Siku ya Pentekoste Petro hakuwaambia watu wa Yerusalemu kwamba siku za Yesu zilikuwa zimefika. Aliwaambia kwamba wao walimuua, na Mungu akamfufua. Ni kweli alilitaja pia shauri la Mungu, ila hakuliacha shauri hilo lifute kosa la wauaji. Ufufuko katika kinywa chake ni rufaa iliyosikilizwa: aliyehukumiwa kwa dhuluma amepewa haki, na waliomhukumu wanaitwa kutubu. Bila kosa kutajwa, toba hiyo ingekuwa ya nini?

Sasa tuitazame Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walioandika juu ya mauaji hayo mwaka 2009, walionyesha kwamba nyuma yake kulikuwa na sera za ardhi zilizowabana wafugaji, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote wakose imani na vyombo vya haki. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2009, na kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulibomoa tuta lililojengwa enzi za ukoloni kuukinga mji. Maelfu walikosa makazi na kuhamia kwenye mahema; reli ya kati ikakatika. Mvua ni ya Mungu, lakini tuta ni la binadamu, na matunzo yake ni wajibu wa binadamu. Mhubiri anayeyaweka yote mawili mikononi mwa Mungu anamsingizia Mungu.

Lipo pingamizi zito, na wachungaji wa vijijini wanalijua kuliko maprofesa. Ukianza kuuliza nani kaua, watasema, jibu litakuwa uchawi, na bibi kizee asiye na kosa atalipa. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo naona kwamba ukimya ndio unaoulisha uvumi. Familia isiyoambiwa kwamba mtoto alikufa kwa malaria iliyochelewa kutibiwa, au kwamba basi lilikwenda mwendo wa hatari, itajitafutia maelezo. Kusema ukweli uliothibitika ni kumnyima mpiga ramli kazi.

Tena mila za hapahapa zilikwisha kulijua hitaji la kusema. T. O. Beidelman, aliyewachunguza Wakaguru kuanzia miaka ya 1950, aliandika mwaka 1966 kuhusu utani na uhusiano wake na mauti. Mtani huja msibani na kutamka ambalo ndugu wa damu hawezi kulitamka, tena mbele ya watu wote, na hakuna wa kumkasirikia. Wengine huuona utani huo kuwa utovu wa heshima. Mimi nauona kuwa karibu zaidi na Ayubu kuliko na rafiki zake, ambao walimtetea Mungu kwa maneno matamu na Mungu mwenyewe akawakemea.

Fasihi yetu nayo imelithubutu jambo hili. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi hakumwacha Rosa aishie kaburini. Anamfikisha mbele ya hukumu ya Mungu, na huko malezi ya baba yake, Zakaria, yanakuwa sehemu ya kesi. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ilhali teolojia yake ni nzito kuliko mahubiri mengi: mbele za Mungu, marehemu ana haki ya kueleza kilichomfikisha alipofika.

Mikumi, kando ya barabara kuu inayokatiza hifadhi, majeruhi wa ajali hupelekwa hospitali ya Kanisa iitwayo St. Kizito. Kizito alikuwa kijana aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886. Kanisa linamheshimu kama shahidi aliye hai kwa Mungu, na halijawahi kuficha kwamba aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ushahidi wake na jina la aliyeamuru vimesimuliwa pamoja kwa zaidi ya miaka 130, wala tumaini halikupungua.

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha makatekista na wachungaji wa Kilosa waitengee mada hii nafasi katika somo la mahubiri ya mazishi. Mhubiri aulize kwanza marehemu alikufaje, akishajua, aseme, kisha ndipo atangaze ufufuko.