Jina Neema katika Milima ya Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa: Maana na Historia

Neema ni miongoni mwa majina ya wasichana yanayosikika sana nchini Tanzania. Huitwa hivyo mtoto wa Kiislamu wa Kilwa na mtoto wa Kikristo wa Mbinga, na hakuna anayeshangaa. Hata hivyo, jina hili lina asili ya Kiarabu, nalo limeota mizizi katika Umatengo, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wakatoliki. Ni vema kuchunguza jinsi jina la Kiarabu lilivyofika huko bila kuonekana kuwa la Waarabu wala la Waislamu peke yao.

Kwa upande wa isimu, chanzo cha jina hili ni neno la Kiarabu ni‘ma, lenye maana ya fadhila, kipaji au riziki aliyojaliwa mtu. Mzizi wake, wenye konsonanti n, ‘ayn na m, hubeba dhana ya ulaini, raha na maisha mema. Kiswahili hakina sauti ya ‘ayn, sauti hiyo inapofunga silabi katika Kiarabu, Kiswahili huiacha na kuweka irabu mbili mahali pake. Ndivyo ma‘na ilivyokuwa maana, ba‘da ikawa baada, na ni‘ma ikawa neema. Mzizi huohuo umezaa pia jina Naima. Lakini majina haya mawili yamefuata njia tofauti. Naima limebaki kuwa jina tu, na kwa kawaida humtambulisha mwenye nalo kuwa Mwislamu. Neema ni jina na vilevile ni neno la kila siku: watu husema mwaka wa neema wakiwa na maana ya mwaka wa mvua nzuri na mavuno mengi, na kutokana nalo vimepatikana vitenzi neemeka na neemesha. Jina linaloeleweka na kila msemaji haliwezi kumilikiwa na dini moja.

Neno hili lilifika kusini magharibi ya Tanzania kwa njia zaidi ya moja. Katika karne ya 19 misafara iliunganisha Ziwa Nyasa na bandari ya Kilwa. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na watumwa, na pamoja nayo lugha ya Kiswahili ilipenya bara. Haifai kusahau kwamba maneno mengi yenye maana njema yalisafiri kwanza katika njia ya mateso.

Njia ya pili ni ya misheni. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliokuwa na makao Zanzibar tangu 1864, walijenga kituo katika kisiwa cha Likoma na kuhudumia pia mwambao wa mashariki, ikiwemo Liuli. Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898, na kutoka huko kazi yao ilienea hadi Umatengo. Waliotafsiri Maandiko kwa Kiswahili, akiwemo Askofu Edward Steere aliyefariki Zanzibar mwaka 1882, hawakubuni msamiati mpya wa imani. Walichukua maneno yaliyokuwa tayari katika vinywa vya Waislamu wa pwani, kama vile imani, dhambi, rehema na neema. Wakristo wa nchi za Kiarabu nao hutumia ni‘ma kwa dhana hiyohiyo. Hivyo neno lililomaanisha riziki likaongezewa maana ya upendeleo wa Mungu usiostahiliwa, na kila Mkatoliki wa Mbinga hulitamka anapomsalimu Bikira Maria katika sala.

Kuwa neno la sala, hata hivyo, si sawa na kuwa jina la ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliagiza mbatizwa apewe jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, padri aliongeza jina la mtakatifu. Sheria mpya ya mwaka 1983 inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa kipimo hicho, Neema halina kipingamizi chochote. Wakati huohuo, tangu 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Wazazi waliosoma kwa Kiswahili walianza kuwaombea watoto wao heri kwa Kiswahili.

Ulinganisho na ng’ambo ya ziwa unathibitisha jambo hili. Wanyasa wa Mbamba Bay na Liuli wana udugu wa lugha na watu wa upande wa Malawi. Lakini mzazi wa Malawi anayetaka kutaja fadhila hiyohiyo ya Mungu humwita mtoto wake Chisomo, kwa Kichewa. Imani ni moja na maji ni yaleyale. Kilichotofautiana ni lugha ya shule na ya taifa.

Mafanikio haya yana gharama yake. Kila Neema anayeandikwa katika daftari la ubatizo huchukua nafasi ambayo zamani ingeshikwa na jina la Kimatengo au la Kinyasa, jina lililobeba kumbukumbu ya bibi, ya njaa au ya safari. Kwa hiyo madaftari ya parokia za Mbinga na za wilaya ya Nyasa, iliyoanzishwa mwaka 2012, ni hazina ya historia ya lugha. Mwanafunzi atakayeyasoma mwaka baada ya mwaka ataona Kiswahili kikiingia nyumbani kupitia mtoto, na ataona pia ni majina gani yaliyotoka mlangoni wakati Neema akiingia.