Uzoefu Uliokosekana Kongwa

Tangazo la kazi linapodai "uzoefu wa miaka mitano", kijana aliyehitimu juzi hujiona hana kitu. Tumezoea kudhani kwamba ukosefu wa uzoefu ni aibu ya vijana. Wakubwa nao huukosa, na hasara yao hulipwa na wengine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache, ukitazama sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani, kisha ukapendekeza zilimwe karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, Ugogoni.

Hawa hawakuwa wajinga. Wakefield mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Fedha zilikuwepo, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Wasimamizi wengi walitoka jeshini, na kuamrisha walikujua vizuri. Kilichokosekana ni uzoefu wa mahali pale. Visiki na mizizi vilivunja mashine. Kiangazi kilipoingia, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikanaswa humo zisichimbike. Mvua nayo ilinyesha ilipotaka. Hayo Wagogo waliyajua kwa njaa walizozipitia wao na wazee wao, lakini ujuzi usio na cheti haukuhesabiwa kuwa uzoefu.

Mpango ulipofutwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Na katika miaka hiyohiyo Watanganyika walikuwa wakiambiwa wasubiri, kwa kuwa hawajapata uzoefu wa kujitawala!

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwacheka wakoloni. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mkoa uleule wa Dodoma, serikali yetu wenyewe iliwahamishia Wagogo katika vijiji vya pamoja. Wao walikuwa wakitawanya makazi na mifugo kwa sababu mvua ya huko hunyesha hapa, ikaruka pale. Safari hii maofisa walizungumza Kiswahili, na wengine walikuwa watoto wa wakulima. Hata hivyo, mahali pa kujenga palikwisha kuamuliwa kabla mzee wa Kigogo hajaulizwa maji yako wapi.