Mchanga Mweusi wa Ukambani

Mvua ikiisha Ukambani na mto ukakauka, huachwa mistari myeusi juu ya mchanga mweupe. Hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma yaliyosagwa na maji kutoka kwenye miamba mikongwe ya Kitui na Makueni. Nilifundisha kemia kwa miaka mingi, na kipindi ambacho wanafunzi hawakukikosa ni kile cha kushuka mtoni na sumaku iliyofungwa kitambaa. Unaikokota juu ya mchanga, inaota ndevu. Ukikifungua kitambaa, ndevu zinadondoka kwenye karatasi, na mkononi unayo malighafi ileile ya wahunzi wa Kikamba wa kabla ya reli.

Mhunzi hakuwa na sumaku, alikuwa na maji. Mchanga mwepesi ulichukuliwa, mzito ukabaki. Akaujaza kwenye tanuri la udongo pamoja na makaa, vijana wakapokezana mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Watu wengi hudhani chuma kiliyeyuka humo. Hapana. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri la aina hiyo lilikuwa mbali chini ya hapo, karibu 1,200 hivi. Kazi ya makaa ilikuwa nyingine: hewa yao ya moto iliinyang'anya magnetaiti oksijeni yake, na chuma kikabaki donge lenye matundu, limejaa taka. Donge likafuliwa lingali jekundu mpaka taka zikatoka. Humo ndimo zilimotoka ncha za mishale, visu, na ile mikufu myembamba iliyowapa Wakamba sifa mbali na kwao. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliiandika kazi hiyo kwa makini. Wakati huo mikufu mingi ilikwisha kuwa ya waya wa shaba kutoka pwani.

Pwani na Kitui zilijuana zamani. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alikaribishwa na Kivoi, tajiri ambaye misafara yake ya pembe ilishuka hadi Mombasa. Vitabu vya shule vinakumbuka tarehe 3 Desemba, siku Krapf alipoiona theluji ya Mlima Kenya. Mimi ningewaambia wanafunzi wamsome pia anapokisifu chuma cha Ukambani.

Lakini historia ya chuma hiki nayo tunaianza mlangoni mwa tanuri, na mimi naona tumechelewa sana. Chukua punje moja ya magnetaiti. Kila atomu 3 za chuma zimeshikana na 4 za oksijeni, na hizo mbili hazikuzaliwa pamoja. Ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, palikuwa na hidrojeni na heli na lithi kidogo mno. Hapakuwa na kitu cha kufua wala cha kuvuta puani. Vingine vilipikwa ndani ya nyota, jambo ambalo Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walilieleza kwa urefu mwaka 1957.

Oksijeni ilitangulia. Nyota kubwa sana huishi miaka milioni chache tu, kisha hulipuka na kuimwaga kwa wingi. Chuma nacho hutoka humo, ila sehemu yake kubwa huja polepole, kutoka kwa nyota ndogo zilizokwisha kuzimika zikawa vibete vyeupe. Kibete kikipata maada kutoka kwa mwenzake, baada ya mamia ya mamilioni ya miaka, au mabilioni, hulipuka. Ndiyo maana nyota kongwe za galaksi yetu zina uhaba mkubwa zaidi wa chuma kuliko wa oksijeni. Aliyeliweka wazi jambo hili la kuchelewa ni Beatrice Tinsley, aliyekulia New Zealand na kufundisha Yale, katika makala ya mwaka 1979. Alifariki miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 40. Jua letu lilipotokea, miaka bilioni 4.6 iliyopita, vyote viwili vilikuwa tayari kwenye wingu lililolizaa.

Kwa hiyo mhunzi, alipoyapa makaa oksijeni na kubakiza chuma, kwa sehemu kubwa alikuwa akitenganisha mazao ya nyota za aina mbili.

Ushahidi mmoja wa haya uliondokea pwani ileile iliyofikiwa na misafara ya Kivoi. Karibu na Malindi, baharini, Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco la kurushia roketi. Setilaiti Uhuru iliruka hapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, na kwa eksirei ikaonyesha gesi ya moto mno iliyojaa ndani ya makundi ya galaksi. Oktoba 1974 ikafuata Ariel V ya Waingereza. Mwaka 1976 vipimo vyake vya kundi la Perseus vikaonyesha alama ya chuma katika gesi hiyo, nje ya galaksi zenyewe. Gesi ile basi haikuwa masalio safi ya mwanzo: nyota zilikuwa zimeipikia, na galaksi zikamwaga. Sijaona kitabu cha historia ya Kenya kinachotaja hili, ingawa sherehe za Desemba 12 hatuzikosi.

Matanuri ya Ukambani yalizimwa na bei. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu, na ikafika Nairobi mwaka 1899 ikileta majembe na waya wa kiwandani. Nani angechoma makaa siku nzima kwa donge moja? Wahunzi wa leo hufua springi za malori.

Mchanga wenyewe ukaanza kupanda malori kwenda kujenga Nairobi, mweusi na mweupe pamoja, hadi mito mingine ikabaki mwamba mtupu. Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi. Lengo lilikuwa maji, maana mchanga ndio unaoyaficha yasikaushwe na jua, na nadhani walifanya vyema. Walimu wa kemia nao wamenufaika bila kuombwa maoni.