Nani Aliziruhusu Kelele Hizi?

Tarehe 1 Julai 2020 miji ya Jinja na Mbale ilipandishwa hadhi na kuwa majiji. Uganda wakati huo ilikuwa chini ya masharti ya Uviko: kumbi zimefungwa, matamasha yamepigwa marufuku. Mwezi uliofuata Nyege Nyege Tapes, lebo ambayo jina lake limefungamana na Jinja, ikatoa albamu ya kwanza ya kundi la Duma. Hapakuwa na jukwaa la kuizindulia. Watu waliisikiliza kwa vipokea sauti, kila mtu chumbani mwake, na kwa muziki wa kelele kama wao huo ni mwanzo mbaya.

Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spike Heart, na Sam Karugu. Walitokea katika bendi za hevi metali za mji huo, Seeds of Datura na Lust of a Dying Breed, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikipiga mbele ya wasikilizaji wachache huku redio za Kenya zikijifanya hazipo. Kampala iliwapa studio mwaka 2019, na mojawapo ya nyimbo za albamu inaitwa “Uganda with Sam”. Mpiga ngoma hayupo. Midundo ya kompyuta inakimbia kuliko mkono wa binadamu unavyoweza, gitaa limesagwa hadi halitambuliki, na juu yake kuna mayowe ya Khanja, mara ya mtu anayefukuza, mara ya mtu anayefukuzwa.

Ukoo wa sauti hiyo unajulikana. Mwaka 1978 bendi ya Crass ilirekodi Uingereza albamu yake ya kwanza, The Feeding of the 5000, na panki ikapata tawi lililochukulia siasa kwa uzito: dhidi ya vita, dhidi ya dola, dhidi ya kanisa. Kutoka tawi hilo wakaja Napalm Death, waliojiita kwa jina la moto ulioteketeza vijiji vya Vietnam. Albamu yao ya kwanza, Scum, ya mwaka 1987, ilirekodiwa kwa vipande viwili. Upande wa kwanza Agosti 1986 na wa pili Mei 1987. Katikati bendi ilivunjika na kuundwa upya, hata mpiga ngoma Mick Harris akabaki peke yake kuwa daraja kati ya pande hizo. Nyimbo 28, mmoja wao haufiki sekunde mbili. Mashairi yalishambulia makampuni makubwa yanayonyonya nchi maskini, yaani nchi kama zetu, lakini mtu hakuweza kuyasikia. Ilibidi asome jalada la rekodi. Hapo ndipo panki ya kisiasa ilipofanya jambo la ajabu: ikayafukia maneno yake yenyewe chini ya kelele, ikiamini kwamba kelele inajitosheleza.

Wapo wanaosema Duma si bendi ya siasa, kwa kuwa haimtaji waziri yeyote wala haitaji hongo. Ukitaka panki ya Nairobi inayotaja majina, wapo Crystal Axis, walioimba juu ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na juu ya vyumba vya mateso vya Nyayo House. Mimi naona siasa ya Duma iko kwingine, nayo inaonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka mashariki mwa Uganda: ni swali la nani anaruhusiwa kupiga kelele, wapi, na kwa kibali cha nani.

Jinja ina historia ndefu ya kelele zilizozimwa. Mwaka 1862 mpelelezi Mwingereza Speke alisimama mbele ya maporomoko ya Ripon, mahali Nile inapotoka ziwani. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls, na Ripon ikazama. Viwanda vikafuata: nguo, shaba, chuma. Mji ukawa na mngurumo wa mashine badala ya mngurumo wa maji, hadi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na mashine nyingi nazo zikaanza kunyamaza. Kisha ikaja zamu ya maporomoko ya Bujagali. Waliolinda mizimu ya maporomoko hayo walipinga miaka mingi. Bwawa likazinduliwa Oktoba 2012. Kama fidia, serikali iliahidiana na Benki ya Dunia kwamba Kalagala na Itanda, kaskazini zaidi, zitaachwa zingurume.

Ni kwenye kingo za mto huohuo, mwaka 2015, Derek Debru na Arlen Dilsizian walipoanzisha tamasha la Nyege Nyege, jina ambalo kwa Kiganda huelezwa kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza, na ambalo Mswahili hulitamka akiangalia kwanza nani yupo chumbani. Lebo ilizaliwa baadaye kidogo, ikatoa singeli ya Dar es Salaam, muziki wa harusi za Waacholi uliopitishwa kwenye kompyuta, marimba kubwa ya embaire kutoka Busoga. Ndiyo nyumba iliyowapokea Duma.

Septemba 2018, siku chache kabla ya tamasha, Simon Lokodo, Waziri wa Maadili na aliyewahi kuwa padri, alitangaza kulifuta. Alisema linaeneza uasherati na ushoga. Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, akaliruhusu. Mwaka 2022 ngoma ikarudi, safari hii bungeni: Spika Anita Among akaamuru lisifanyike, na muda mfupi baadaye Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akalifungulia kwa masharti. Mwaka huo lilikuwa limehamia Itanda, palepale ambapo maji yamebakiziwa sauti yake kwa mkataba. Katika mizozo yote miwili sikuona kiongozi aliyenukuu ubeti hata mmoja. Walichokiogopa ni mkusanyiko: vijana wengi mahali pamoja, usiku kucha, bila mzee wa kuwasimamia.

Ukienda Mbale utakuta kelele nyingine, na hiyo ina kibali. Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu, tohara ya kimila ya Wamasaba, hufunguliwa Mutoto, na ngoma za kadodi, zikiwa zimening'inizwa mabegani, huwasindikiza vijana wanaokwenda kutahiriwa. Barabara hufungwa kwa umati. Vumbi, filimbi, watu wamepakwa unga, mwendo wa ngoma usiochoka hata kidogo. Anayedhani kasi ya Duma imetoka sayari nyingine hajasimama kando ya kadodi. Mawaziri huhudhuria uzinduzi, na wagombea hukodi wapigaji kwenye kampeni. Mila ni kibali tosha, hata pale umati unapotisha kuliko tamasha lolote la Jinja.

Mbale pia ilitoa rekodi ya siasa iliyo wazi kabisa. Mwaka 2004 J. J. Keki, wa jamii ya Wayahudi wa Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, aliwakusanya wakulima wa kahawa Waislamu, Wakristo na Wayahudi katika ushirika wa Mirembe Kawomera. Wazo alilipata baada ya kuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11. Nyimbo za wakulima hao zilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2013 kwa jina la Delicious Peace. Maneno yanasikika yote: amani, bei ya haki, jirani. Hakuna waziri aliyeikataza.

Simaanishi kwamba maneno hayana hatari. Johannesburg mwaka 1981, albamu ya National Wake, bendi ya panki ya weusi na weupe chini ya ubaguzi, iliondolewa sokoni baada ya mia kadhaa tu za nakala. Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa Uganda, naye anajua: tangu mwishoni mwa 2017 polisi walizuia matamasha yake moja baada ya jingine. Lakini hata kwake nyimbo ziliendelea kupigwa kwenye bodaboda na vibandani. Uwanja ndio uliofungwa.

Duma walipata njia ya kutokea kupitia masikio ya ng'ambo. Lebo ya Sub Pop ya Seattle, iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, iliwatolea rekodi ndogo. Mwaka 2024 Khanja alitoa peke yake The Adept kwa lebo yake Haekalu, na safari hii siasa haikujificha: aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima wa ukoo wake, mwanamke aliyekuwa field marshal wa Mau Mau, aliyefariki mwaka mmoja kabla.

Wenzao wa Nihiloxica, wapiga ngoma wa Kampala pamoja na Waingereza wawili, walikutana na mlango wa aina nyingine. Albamu yao ya kwanza, Kaloli, ya mwaka 2020, ina kipande kinachoitwa “Busoga”. Ya 2023 wakaiita Source of Denial, wakiichezea kaulimbiu ya utalii ya Jinja, “Source of the Nile”, na yote imeelekezwa kwa mfumo wa uhamiaji wa Uingereza na viza zake. Lokodo alikuwa ameshafariki, tamasha lilikuwa limesharuhusiwa. Kibali kilichokosekana safari hii kilikuwa cha London.