Dashibodi ya Dereva

Zinapotajwa sanaa za ufundi za watu wetu, ulimi hukimbilia vinyago, vyungu, mikeka na milango ya nakshi. Hatuna ugomvi na orodha hiyo. Lakini upo ufundi mwingine, uliozaliwa na kukua mbele ya macho yetu, ambao bado haujapewa nafasi darasani, nao ni ufundi wa kuigeuza dashibodi ya pikapu hata isiwe tena ile iliyotoka kiwandani. Tunasema dashibodi kwa kuwa ndivyo wasemavyo madereva na mafundi. Na neno likishazoeleka gereji, hatuoni kwa nini lizuiwe mlangoni mwa shule.

Asili ya kitu chenyewe ni ubao. Katika zama za magari ya farasi, huko Ulaya na Marekani, mbele ya mwendeshaji palisimamishwa ubao wa kumkinga na tope lililorushwa na kwato. Injini ilipochukua nafasi ya farasi, ubao ulibaki, ukapewa kazi ya kubeba vyombo vya kupimia. Mwanzoni vyombo hivyo havikuwa vingi. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hadi 1927, ilitoka kiwandani bila geji ya mafuta. Dereva alichovya kijiti tangini akasoma alama ya unyevu. Mwaka 1925 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza pikapu iliyokamilika, na wenye pikapu hawakukawia kuongeza kile ambacho kiwanda kiliwanyima. Hasa California, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, vijana walipamba dashibodi za bati kwa geji, rangi na nakshi. Hayo ni yao, na wao wameshayaandikia vitabu. Ya kwetu yana chanzo tofauti.

Kwa Afrika Mashariki, pikapu inayotufaa kwa mfano ni Peugeot 404. Saluni yake ilitoka mwaka 1960, na pikapu ikafuata katika miaka hiyo hiyo ya sitini. Sifa yake ilijengwa barabarani. 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza njia. Mfanyabiashara wa samaki au wa mkaa aliyesikia habari hizo hakuhitaji tangazo jingine. Ufaransa iliacha kuunda saluni za 404 mwaka 1975, lakini nchini Kenya gari hilo liliendelea kuundwa hadi mwaka 1991.

Pikapu hii ilikuwa na gia kwenye usukani na kiti kimoja kirefu, hivyo watu watatu waliketi mbele bila kusumbuliwa na fimbo ya gia. Tunasisitiza jambo hili dogo kwa sababu ndilo lililoipatia dashibodi watazamaji. Dereva na abiria wawili, wakiwa njiani tangu alfajiri hadi magharibi, watatazama nini kingine?

Sababu ya kwanza ya kuibadili ilikuwa jua, wala si urembo. Gari likiegeshwa juani huko Dodoma au Garissa hupika kila kilichomo. Plastiki hupauka, hukauka, kisha hupasuka. Bati huchoma mkono na kurudisha mwanga machoni. Dereva akatandika kanga kuukuu au kipande cha blanketi, na kitambaa hicho cha kujikinga ndicho kilichokuja kuwa pambo. Baadaye kazi ikahamia kwa fundi makochi. Huyo hufungua skrubu, hutandaza gazeti juu ya dashibodi, hulikata kwa kufuata matundu ya geji na swichi, kisha hukihamishia kipimo hicho kwenye reksini au mahameli. Ukingo wa mbele hushonewa vishada vinavyocheza gari likitembea. Ni kazi ya jicho na subira, na aliyeijifunza hakupewa cheti.

Sababu ya pili ilikuwa uhaba. Barabara za changarawe zenye mawimbi hulegeza kila skrubu. Kebo ya spidomita hukatika, boya la tangi hukwama, na sindano za geji hulala moja baada ya nyingine. Katika Tanzania, baada ya vita vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikuwa haba, na kipuri kilichoagizwa kingeweza kungojwa mwaka mzima. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, kama wenzao wa jua kali kule Kamukunji, Nairobi, wakatafuta geji katika magari yaliyokufa na kuzitia katika yaliyo hai.

Kazi hiyo haikuwa ya kubahatisha. Geji ya joto ya umeme haigusi maji ya injini. Inapokea habari kutoka kwa kifaa kidogo kilichozamishwa katika maji hayo, ambacho uzuiaji wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Ukiunganisha kifaa cha kampuni moja na geji ya kampuni nyingine, sindano itasema uongo kwa utulivu mkubwa, na injini itaungua huku dereva akipiga mluzi. Balbu ya volti 24 iliyotoka kwenye lori, ikitiwa katika pikapu ya volti 12, huwaka kwa unyonge kama kibatari. Fundi mwenye akili aliweza kukichemsha kifaa chake katika sufuria ya maji, akatazama sindano iliposimama, akatia hapo nukta ya rangi nyekundu. Hapo mwalimu wa fizikia ana somo zima: maji huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam, lakini Nairobi, juu ya milima, huchemka kati ya nyuzi 94 na 95; kwa hiyo nukta mbili zilizotiwa kwa uangalifu ule ule hazitalingana.

Sababu ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kuchukua abiria Dar es Salaam. Pikapu nyingi zikafungwa mabenchi na turubai. Zile ambazo abiria wake hukaa wakitazamana goti kwa goti zikapewa jina la chai maharage. Sasa pikapu ikawa na watu wawili wenye madai juu yake. Tajiri alimiliki injini, bodi na kadi ya gari. Dereva, mtu wa mshahara ambaye angeweza kuachishwa kazi jioni yoyote, alimiliki dashibodi. Kitambaa kilifumwa na mkewe. Maua ya plastiki, tasbihi au rozari, picha ya mchezaji mpira, redio ya kaseti na spika zake: vyote alivinunua mwenyewe, na alipoondoka aliondoka navyo. Ugomvi mkubwa ulizuka juu ya redio, kwa kuwa tajiri alidai kwamba kilichotobolewa katika gari lake ni chake. Dereva alifungua skrubu nne akaacha nyaya zikining'inia, na dereva mpya akaanza upya. Kwa upande wetu sisi tulioabiri magari ya serikali miaka mingi, dashibodi zetu zilikuwa tupu kama dawati la mtihani. Hata hivyo hatukumbuki safari ambayo dereva hakuwa na kitana au picha ya mwanawe nyuma ya kioo cha kukinga jua.

Tuitazame pia lugha yake. Maandishi ya nje, juu ya boneti na nyuma ya bodi, yana udugu na kanga: yanamsema jirani, yanamjibu hasidi, yanataka kusomwa na mji. Ya ndani yana udugu na aya iliyochongwa juu ya mlango wa nyumba ya Unguja; ni dua na maonyo ya mwenye nyumba kwa nafsi yake na kwa mgeni aliyekwisha kuingia. Nafasi ni ndogo. Sisi watunzi tuliozoea mshororo wa mizani 16 tungeshindwa, maana pale hata kipande cha mizani nane huwa kirefu. Dereva huandika maneno mawili, akamaliza. Mungu Mkubwa. Polepole Baba.

Siku hizi pikapu hizo zimekuwa adimu, na wako watu wenye uwezo wanaozinunua na kuzirudisha katika hali ya kiwandani. Tunaheshimu gharama na bidii yao. Hata hivyo, jambo la kwanza wanalolifanya ni kuchuna reksini, kuziba matundu na kupaka rangi ile iliyoandikwa katika kitabu cha Ufaransa, na gari linalotoka gereji ni gari ambalo halikupata kuishi Afrika Mashariki hata siku moja. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yamehifadhi magari yaliyotumiwa na viongozi wetu, na ndivyo ilivyopasa. Magari hayo yana kumbukumbu zake ofisini. Pikapu ya mkaa haina faili. Maandishi yake ni reksini yenyewe, nukta nyekundu iliyo juu ya geji, na yale matundu manne ya redio.

Kwa hiyo twaomba walimu wa historia na wa sanaa jambo linalowezekana kwa rula na penseli. Wilaya nyingi bado zina pikapu kuukuu moja au mbili, zimeegeshwa chini ya mwembe au nyuma ya gereji. Wanafunzi waombe ruhusa, wapime dashibodi, wachore kila tundu na kila mshono, waandike nani alitoboa na kwa sababu gani, maadamu madereva wa miaka ya 1980 wangali hai na wanapenda kuulizwa. Waanze na tundu lisilo na kitu ndani yake.